Kitenzi Kimoja, Maana 645: Hesabu ya Nani?

Mwaka 2011, wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford walipomaliza kukipitia upya kitenzi "run", hesabu yao ilifika maana 645. Peter Gilliver, mwanaleksikografia aliyekabidhiwa kazi hiyo, alikaa nayo takriban miezi tisa. Kabla ya hapo taji lilikuwa la "set", ambacho katika toleo la pili la mwaka 1989 kilipewa maana zipatazo 430. Mapitio mapya yalipoanza, taji likahamia kwa "make" mwaka 2000, kisha kwa "put" mwaka 2007, na hatimaye likatua kwa "run". Namba hiyo ya 645 imekuwa ikitajwa kwa madhumuni mawili yanayopingana. Wapo wanaoitoa kama ushahidi kwamba Kiingereza ni tajiri kuliko lugha nyingine, na wapo wanaoitoa kama ushahidi kwamba ni lugha isiyo na mpangilio, inayomtesa bure mwanafunzi wa Mbeya au wa Kakamega. Pande zote mbili zimekubaliana, bila kulihoji, juu ya jambo moja: kwamba maana ni vitu vinavyohesabika, vilivyohifadhiwa ndani ya neno. Ninavyoona mimi, kosa liko hapo. Neno la kawaida lina kazi nyingi, na maana ya kila kazi hutokana zaidi na majirani wa neno hilo kuliko neno lenyewe. Tukilikubali hilo, hesabu ya maana inapoteza uzito wake, na suala la visawe nalo linabadilika sura.

Tukitazame kitenzi chenyewe kazini. Mwingereza akisema kwamba mtoto "runs", hakuna utata: mtoto anakimbia. Lakini kwa kitenzi hicho hicho atasema habari za mto, na kwetu mto haukimbii, unatiririka. Atasema habari za pua, nasi tutasema kamasi zinatoka. Atasema habari za kanga mpya iliyolowekwa, nasi tutasema inachuja rangi. Mwenye duka "runs" duka lake, yaani analiendesha. Basi la Arusha na Moshi "runs" kila siku, yaani linafanya safari; na barabara ya Nairobi hadi Mombasa nayo "runs", ingawa haijawahi kuondoka mahali pake. Mkataba wa miaka mitatu "runs", maana yake unadumu. Tamthilia ya Agatha Christie iitwayo The Mousetrap, iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 1952 na kuendelea kwa miongo, inasifiwa kwa kitenzi hicho hicho. Kikiongezewa kijineno kidogo, kinahama tena: "run out of" sukari ni kuishiwa sukari, "run over" ni kugonga mtu kwa gari, "run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, na "run down" huweza kuwa kumsema mtu vibaya. Mfasiri wa Kiswahili akitaka kuzifuata sentensi hizi atahitaji karibu kila mara kitenzi kingine, na mara chache sana atakihitaji kitenzi kukimbia.

Utawanyiko huu haukuja kwa fujo. Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa kabla ya Wanomani kuiteka Uingereza mwaka 1066, tayari kitenzi hiki kilihusu miguu na pia maji. Kando yake palikuwa na kitenzi ndugu kilichomaanisha kufanya kitu kikimbie, na Waskandinavia waliolowea huko wakaja na umbo lao linalofanana. Maumbo hayo yakayeyukiana yakawa kitenzi kimoja, hata kwenda na kuendesha vikasemwa kwa sauti ile ile. Kutoka hapo tunaweza kuona mikondo mitatu. Mkondo wa maji ulizaa matumizi yanayohusu chochote kinachoendelea bila kukatika: barabara, mkataba, tamthilia. Mkondo wa miguu ulizaa matumizi ya haraka na ushindani, ndiyo maana kugombea uchaguzi kumo. Mkondo wa kuendesha ulisubiri karne kadhaa, kisha zama za viwanda zikaupa kazi ambayo haukuwahi kuiota: injini za mvuke, vinu vya kufuma, treni kwenye reli. Mashine zote hizo zilihitaji kitenzi cha kusemea kwamba zinafanya kazi, na waliozitumia hawakuitisha kikao cha kuunda neno jipya. Walichukua lililokuwa mdomoni. Karne ya 20 ilipoleta kompyuta, njia ilikuwa imeshalimwa, na programu nayo ikaingizwa humo humo.

Kwa nini maneno ya kawaida ndiyo yanayopewa mizigo hii? Mfaransa Michel Bréal, aliyeliingiza neno polisemia katika taaluma kwa kitabu chake cha mwaka 1897, aliona kwamba neno linapojikusanyia maana, hiyo ni dalili ya jamii yenye shughuli nyingi. Mmarekani George Kingsley Zipf, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1945, aliliweka jambo hilo katika vipimo: neno linavyotumika mara nyingi zaidi ndivyo maana zake zinavyoongezeka, kwa kadiri inayokaribia kipeuo cha pili cha wingi wa matumizi. Kwa maneno mepesi, neno linalotumika mara mia zaidi ya jingine hutarajiwa kuwa na maana kama mara kumi zaidi. Zipf alilieleza hili kwa kanuni ya kuepuka juhudi. Msemaji angependa awe na maneno machache yafanye kila kitu, msikilizaji angependa kila kitu kiwe na neno lake, na lugha huishia katikati. Maelezo hayo yanahitaji nyongeza moja. Neno la kawaida hukubali kazi mpya kwa sababu lenyewe ni jepesi. Kitenzi "gallop", kinachosema mbio za farasi, kimejaa farasi kiasi kwamba hakina nafasi kubwa ya kumpokea mgeni. "Run" hakijajaa kitu. Kinasema kwamba kitu kinaenda, basi. Anayekuja pamoja nacho ndiye anayeeleza kinaendaje.

Hapo ndipo namba 645 inapoanza kutetereka. Kuhesabu maana si jambo la leo: Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, aliligawa neno "take" katika maana 134. WordNet, hifadhidata ya maneno iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1985 chini ya mwanasaikolojia George Miller, inakipa kitenzi "run" maana 41. Lugha ni ile ile, kitenzi ni kile kile, lakini mmoja anahesabu 41 na mwingine 645. Tofauti haiko kwenye kitenzi, iko kwenye madhumuni ya mhesabuji. Kamusi ya Oxford ni ya kihistoria: inatunza matumizi ya zama mbalimbali, hata yaliyokufa karne nyingi zilizopita, na inaviweka vitenzi vyenye vijineno, kama vile "run out", chini ya kidahizo cha kitenzi mama. WordNet ilikusudiwa kuonyesha uhusiano wa dhana, hivyo inaunganisha pale Oxford inapotenganisha. Mtunzi mmoja ataona kwamba maji kutiririka na pua kutoka kamasi ni jambo moja la kimiminiko, mwingine ataona ni mawili, na hakuna ushahidi ndani ya neno utakaowapatanisha. Adam Kilgarriff, Mwingereza aliyekuwa mtunzi wa kamusi na pia mtaalamu wa isimu ya kompyuta, alichapisha mwaka 1997 makala ambayo kichwa chake kilitangaza waziwazi kwamba haamini kuwapo kwa maana za maneno. Alichokusudia ni kwamba maana zilizopangwa kwa namba ni makundi ya mifano yaliyoundwa kwa ajili ya kazi fulani. Kazi ikibadilika, makundi nayo yanabadilika.

Kama maana haziko ndani ya neno kwa namba, basi ziko wapi? Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alifundisha katika miaka ya 1950 kwamba neno linajulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na mifano midogo inatosha kuonyesha alichokiona. Mwanamke anayetajwa na "run" bila kitu mbele yake anakimbia. Ukiongeza neno la mbio za masafa marefu, bado anakimbia. Ukiweka shule mahali pa mbio, ghafla amekaa ofisini akisaini hundi za mishahara. Kitenzi hakikubadilika hata herufi moja. Shamirisho ndilo lililomhamisha kutoka barabarani hadi ofisini. Uchaguzi unaonyesha jambo hilo kwa namna ya kuchekesha zaidi: Mmarekani anayewania urais husemwa kwamba anakimbia, na Mwingereza anayewania ubunge husemwa kwamba anasimama. Kukimbia na kusimama ni vinyume, lakini vikikaribiana na neno la kiti cha siasa vinasema jambo moja, kugombea. Yehoshua Bar-Hillel alilitumia tatizo hili mwaka 1960 kuonya kwamba mashine zisingeweza kutafsiri vizuri. Mfano wake ulihusu sanduku lililokuwa ndani ya "pen", neno ambalo ni kalamu na pia ni kizimba cha mtoto kuchezea. Binadamu haulizi ni ipi, kwa sababu anajua sanduku haliingii kwenye kalamu. Mashine za tafsiri za leo zinalikwepa shimo hilo mara nyingi zaidi kuliko zile za zamani, na zimefika hapo kwa kujifunza mazingira ya maneno katika matini nyingi mno, badala ya kupewa orodha ndefu zaidi ya maana.

Pingamizi la kwanza ni la wanasarufi. Watasema kwamba kuna maneno ambayo hayana maana nyingi wala kazi nyingi, bali ni maneno tofauti yaliyogongana kwa sauti, na kamusi nzuri lazima iyatenge. Hoja hiyo ni ya kweli, na Kiswahili kinaijua vizuri. Kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako hawana ukoo. Paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani na kupaa samaki magamba, vivyo hivyo. Lakini tazama ni nini kinachotuepusha na mkanganyiko: "kaa la" na "kaa wa". Upatanisho wa ngeli ni jirani aliye karibu kuliko wote, na ndiye anayetuambia tumeshika kitu cha moto au chenye magando. Tena mpaka kati ya homonimia na polisemia hauko imara kama unavyochorwa vitabuni. Kiingereza kinatumia "ear" kwa sikio na pia kwa suke la nafaka. Kihistoria ni maneno mawili yenye asili mbalimbali, ila wasemaji wengi hulichukulia suke kama sikio la mmea, na hawajakosea chochote katika matumizi. Historia iliyatenga, wasemaji wakayaunganisha. Kamusi ina haki ya kuihifadhi historia hiyo, lakini haiwezi kudai kwamba ndiyo inayoishi kichwani mwa mzungumzaji.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye kukipigia Kiingereza makofi: kwamba maana 645 ni utajiri ambao Kiswahili hakina. Tuchukue kitenzi piga. Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, deki, kura, muhuri, hodi, magoti, mbizi, chafya, miayo, kelele, soga, ramli, mnada na marufuku. Tunapiga kambi na tunapiga moyo konde. Katika orodha hiyo ni nadra kuona mtu amepigwa. Kama mhariri wa Oxford angekaa na piga kwa miezi tisa, akihesabu kila mwandamano peke yake na kurudi nyuma hadi hati za kwanza za Kiswahili, angetoka na orodha ya kutisha. Hatuihesabu hivyo kwa sababu tunaona wazi kwamba simu ndiyo inayosema ni mawasiliano na pasi ndiyo inayosema ni nguo. Piga inasema tu kwamba tendo limefanyika. Piga ni ushahidi wa hoja hii katika lugha yetu wenyewe.

Vilevile Kiswahili kina njia ambayo Kiingereza hakina kwa kiasi hicho: kinaigawa kazi kwa viambishi. Kutoka enda tunapata endesha, endelea, endea na mwenendo. Yale ambayo "run" inayasema kwa umbo moja, yaani kwenda na kufanya kiende, sisi tunayatenga kwa silabi moja. Kukimbia nako kumezaa mkimbiaji na mkimbizi. Wa kwanza yuko uwanjani anatafuta medali, wa pili yuko kambini Kigoma au Kakuma akisubiri amani kwao. Shina ni moja na mbio ni zile zile. Kiambishi ndicho kinachosema kama mtu anafuata kitu au anakitoroka. Kwa mantiki ya kuhesabu vidahizo, Kiswahili kingeonekana kina maneno mengi yenye maana chache na Kiingereza maneno machache yenye maana nyingi. Kwa kweli lugha zote mbili zinasema mambo yale yale, isipokuwa moja inategemea zaidi majirani walio nje ya neno na nyingine inawaingiza baadhi ya majirani ndani.

Hoja hii ndiyo inayotufikisha kwenye visawe, na hapa ndipo madhara ya imani ya kuhesabu yanapoonekana zaidi. Peter Mark Roget, daktari Mwingereza, alianza kukusanya orodha ya maneno mwaka 1805 na kuichapisha mwaka 1852 kama thesaurasi. Hakuyapanga kwa alfabeti bali kwa dhana, ili mwandishi mwenye wazo atafute neno lake. Mwanafunzi wa leo hufanya kinyume: ana neno "run", anafungua orodha, anakuta "sprint", "flow", "manage", "operate", "extend" na "flee", anachagua lililo refu kidogo ili aonekane msomi. Lakini visawe hivyo si visawe vyenyewe kwa vyenyewe. "Flow" na "manage" hayajawahi kukutana. Yanachofanana ni kwamba kila moja linaweza kuchukua kazi mojawapo ya "run". Hata ndani ya kazi moja usawa haupo. Mwanaisimu wa Marekani Leonard Bloomfield alishikilia mwaka 1933 kwamba kwa kweli hakuna visawe kamili, na Kiingereza kinampa ushahidi katika tabaka zake tatu: "ask" ni neno la nyumbani, "question" lilikuja na Wafaransa, "interrogate" lilikuja na Kilatini, na ni la mwisho peke yake linalomfanya mtu aombe wakili.

Kiswahili kina tabaka zake pia. Kufa, kufariki, kuaga dunia, kukata roho na kutangulia mbele ya haki yote yanataja tukio moja. Lakini redio ya taifa haitangazi kwamba rais amekufa, na hakuna mfugaji anayesema mbuzi wake amefariki. Gari hufa, biashara hufa, mguu hufa ganzi, mtu hufa maji au hufa njaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofariki. Kanuni ya Zipf inajirudia ndani ya kundi la visawe: neno la kawaida kuliko yote ndilo lenye kazi nyingi kuliko yote, na yale ya heshima yamefungwa kwenye kazi moja tu. Kwa hiyo anayeuliza kisawe cha neno fulani bila kusema ni katika sentensi gani hajauliza swali linalojibika.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo linatoka mahakamani. Mtu anaweza kusema kwamba nadharia ya majirani ni nzuri kwa mazungumzo, lakini sheria inahitaji neno liwe na maana yake kabla mtu hajafungwa. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Muscarello, mtu aliyekwenda kuuza bangi kwa gari huku bastola yake imefungiwa kwenye kisanduku cha mbele ya abiria. Sheria iliweka adhabu ya lazima ya miaka mitano kwa anayechukua silaha katika biashara ya dawa za kulevya, na kitenzi chake kilikuwa "carry". Je, bastola iliyo ndani ya gari umeichukua, au mpaka iwe mwilini? Jaji Breyer, akiandika kwa niaba ya wengi, alipekua kamusi na akatafuta matumizi ya neno hilo kwenye magazeti. Jaji Ginsburg, akiandika kwa waliopinga, alikusanya mifano yake mwenyewe. Kura zilikuwa tano kwa nne. Wengine wataona hapa ushahidi kwamba wingi wa maana ni hatari. Mimi naona kwamba kamusi ilishindwa kazi ambayo haikuwa yake. Kila upande ulipata humo maana uliyoitaka, kwa sababu zote zilikuwamo. Kilichokosekana ni jirani: watunga sheria wangeongeza maneno machache kusema "mwilini au katika chombo cha usafiri", mabishano yangekwisha kabla hayajaanza. Dawa ya utata wa kisheria ni kuandika sentensi iliyojitosheleza. Kutafuta neno moja safi lisilo na maana ya pili ni kutafuta kitu ambacho lugha haizai, hasa katika maneno ya kila siku ambayo sheria haiwezi kuyakwepa.

Matokeo yake kwa wasemaji wa Kiswahili ni ya kazi za kila siku. Mwalimu anayeandika ubaoni "run = kimbia" amempa mwanafunzi robo ya jambo na kumficha lililobaki; angeandika sentensi tano zenye majirani tofauti, mwanafunzi angejifunza namna ya kuisoma ya sita asiyowahi kuiona. Mtunzi wa kamusi ya lugha mbili atoe nafasi zaidi kwa miandamano kuliko kwa orodha za visawe vilivyotenganishwa kwa mkato, kwa sababu orodha hizo humpa msomaji maneno bila kumwambia lipi linakaa wapi. Mfasiri atafsiri kazi iliyofanywa na neno katika sentensi, na asione haya kutumia vitenzi kumi vya Kiswahili mahali Kiingereza kilipotumia kimoja, wala piga moja mahali Kiingereza kilipotumia kumi. Na wanaobishana ni lugha ipi iliyo tajiri watafute kipimo kingine, kwa sababu 645 ni idadi ya mafungu ambayo wahariri wa Oxford waliona yanafaa kwa kamusi ya kihistoria, na wahariri wengine, kwa haki kabisa, wameyafanya 41.